Pikipiki ya mkataba: nilale nayo ndani au niifunge nje?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kipo Mlango Mmoja hapa Mwanza na ninaishi Mabatini, upande wa mlimani. Nina Boxer ya mkataba. Napeleka hesabu kwa bosi kila siku na imebaki miezi mitano iwe yangu. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwenye ile karatasi kuna mstari mmoja unaoninyima usingizi: pikipiki ikiibiwa ikiwa mikononi mwangu, nalipa yote.

Nimepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Geti ni la mabati, lina komeo tu, na kila mtu anarudi saa yake. Mpaka sasa naiingiza pikipiki sebuleni kila usiku. Zamani mke wangu alikuwa ananyamaza, lakini tangu tupate mtoto amekuja juu. Anasema harufu ya petroli inamuumiza kichwa. Sebule yenyewe ni ndogo, pikipiki ikishaingia mlango haufunguki wote, na mvua ikinyesha jiko la mkaa linaingia humo humo.

Juzi kati mwenzetu wa kijiwe aliibiwa ya kwake uani, kule Igogo. Alikuta mnyororo vipande viwili chini, kufuli limefungwa vilevile, halina hata mkwaruzo. Tangu siku hiyo kila mtu kijiweni ni mtaalamu. Mmoja ananiambia ninunue ule mnyororo mnene wa kung'aa unaouzwa kwa mita. Mwingine, mtu wa Mwaloni, anasema hakuna kama mnyororo wa nanga ya boti. Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea, anasema nilete mnyororo wowote ataushikiza upande mmoja kwenye nondo za dirisha, nibaki na kazi ya kufuli moja. Na mtandaoni nimeona kufuli la diski linalopiga kelele likiguswa.

Nina laki moja na nusu. Nimeikusanya kwa shida, sitaki kuitupa kwenye kitu cha kukatwa kwa dakika moja. Uani kwetu hakuna mti wala nguzo, kuna choo cha nje na jiwe kubwa wanaloanikia nguo. Nishauri Mjomba.

Dereva wa Mkataba, Mabatini

*

Marahaba mpwa wangu, na wabeja kwa barua iliyonyooka.

Jambo ulilolitaja mwishoni kwa kupita tu ndilo ninaloanza nalo: hilo jiwe la kuanikia nguo. Watu wakiogopa wezi hukimbilia mnyororo, halafu kufuli wananunua kwa chenji iliyobaki, na usiku ukiingia ndipo wanaanza kuzunguka uani kutafuta pa kuufungia. Wewe fikiria kinyume chake. Kwanza pa kufungia, kisha kufuli, mnyororo mwisho. Boxer yako ina kilo mia na ushee. Wanaume watatu wakishikamana wanaipakia kwenye kirikuu na mnyororo wake na kufuli lake, wakaenda kuikata kwa raha zao mbele ya safari. Na siku hizi safari ni nyepesi: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, mtu anavuka usiku wa manane na alfajiri inamkuta mbali ng'ambo ya Sengerema. Kwa hiyo pikipiki iliyofungwa yenyewe kwa yenyewe, tairi na fremu tu, mimi naihesabu kuwa haijafungwa.

Wazo la shemeji yako limejaa nia njema, ila lina matatizo mawili. Nondo za dirisha kwenye nyumba nyingi za kupanga ni za milimita 10 au 12, zimeshikwa na plasta na tofali. Mtaimbo mmoja unazing'oa, tena unakuachia na deni la dirisha kwa mwenye nyumba. Tatizo la pili ni moto wenyewe wa kuchomelea. Mnyororo mgumu unaupata ugumu wake kiwandani, kwa kupashwa moto wa kipimo na kupozwa haraka. Ukiupiga welding, pingili iliyoguswa inapoteza ule ugumu. Mwizi mzoefu hahangaiki na pingili ishirini ngumu, anatafuta ile moja yenye rangi ya moto. Kama mnyororo ni laini tangu mwanzo, welding haiuharibu, lakini basi hatuna la kuongea. Shemeji mpe kazi nyingine, nitaitaja hapa chini.

Sasa jiwe. Mwanza watu tunalalamika mawe yanatubana viwanja, tunayapasua kokoto, tunayazungushia vyoo, na usiku tunalia hatuna pa kufungia pikipiki. Mawe yetu mengi ni granaiti, na granaiti haikatwi kwa mkasi wa kukatia chuma. Kwanza lichunguze. Kama limetokeza kutoka chini kama sehemu ya mwamba, au ni pande ambalo ukoo mzima hauwezi kulisogeza, linafaa. Kisha chukua nyundo uligonge sehemu mbalimbali. Granaiti ya siku nyingi hubanduka maganda kwa jua na mvua, na ganda lililoachana na mwili wa jiwe linatoa mlio mtupu, kama kugonga debe. Hapo usitoboe. Tafuta penye mlio mzito, mbali na ufa wowote, na angalau sentimita 30 kutoka ukingoni.

Kinachotakiwa hapo ni nondo ya milimita 20 iliyokunjwa umbo la U, miguu yake miwili ikizama kwenye jiwe sentimita 20 kila mmoja. Nimesema 20 kwa makusudi. Ya 12 inakatwa na mkasi wa kawaida wa kukatia nondo, ya 16 inakatwa na ule mkubwa kabisa wa mkono. Kukunja hiyo nondo ndiyo kazi ya shemeji, ila asiikunje kabla hujawa na mnyororo mkononi, maana lazima pingili zipite kwenye tundu la U. Likunjwe lipishe mnyororo na lisitokeze juu sana, kwa sababu nafasi ikiwa kubwa mtaimbo nao unapata pa kuingia. Tena watoto wa uani watajikwaa.

Kutoboa, tafuta mtu mwenye drili ya nyundo na biti ya zege inayopita nondo na kuacha nafasi kidogo pembeni, kama milimita 25. Kama umeme unasumbua, wapasua mawe wa mtaani kwenu wanajua kutoboa kwa tindo na nyundo, ni taratibu lakini wanafika. Kosa linalofanywa hapa ni la vumbi. Fundi akimaliza kutoboa anamimina saruji moja kwa moja, na unga wa jiwe umejaa humo ndani, kwa hiyo saruji inashika unga badala ya kushika jiwe. Simama pale uhakikishe amepuliza vumbi lote litoke kwa pampu ya baiskeli, akalowanisha tundu, ndipo akaweka saruji nzito na mchanga laini kidogo, akazamisha nondo. Yale matuta ya nondo ndiyo yanayoshika. Funika kwa gunia lililoloa maji, na usivute chochote kwa wiki nzima hata kama juu pameonekana pamekauka. Saruji inaendelea kukomaa mpaka siku ya 28 na zaidi.

Kabla ya hayo yote, mwone mwenye nyumba. Wengi hawakatai kutobolewa jiwe. Akikataa, omba kuchimba shimo la nusu mita kila upande, ujaze zege. Pande hilo linafika karibu kilo 300. Ndani ya zege laza kipande cha mnyororo mgumu, pingili ya chini ikiwa imepitishwa nondo ya kulala, na pingili mbili tatu zibaki zimechungulia juu. Ni gharama zaidi ya jiwe, ndiyo maana nimefurahi una jiwe. Na wanaoanika nguo waambie mapema, wasije wakadhani umewanyang'anya pa kuanikia.

Nije kwenye mnyororo, ambako ndiko kijiwe chenu kimejaa wataalamu.

Ule wa kung'aa unaouzwa kwa mita, mara nyingi ni chuma laini kilichopakwa zinki. Mng'ao ni wa kuzuia kutu, hausemi lolote kuhusu ugumu. Wa milimita 8 unakatwa na mkasi wa sentimita 60, mkasi ambao mwizi anaubeba ndani ya koti. Nina hakika ndicho alichofungia mwenzenu wa Igogo, na ndiyo maana kufuli halikuguswa. Wa nanga ni ndugu yake huyo huyo, tofauti ni unene. Mnyororo wa nanga kazi yake ni kuvumilia boti ikivutwa na mawimbi bila kukatika ghafla, kwa hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma kinachokubali kunyooka kidogo. Ziwani ni mzuri sana. Uani kwako utamchelewesha mwizi kwa unene wake tu. Yule bwana wa Mwaloni anaijua nanga, lakini hajawahi kuona mtu akija ziwani na mkasi.

Unachotaka ni chuma kilichokaushwa kwa moto, yaani kilichofanywa kigumu, na namna ya kukijua ni tupa. Nenda dukani na tupa ndogo ya pembe tatu, ile ya kunolea misumeno. Omba ruhusa, chagua pingili ya pembeni, isugue kwenye ukingo kwa nguvu. Ikiwa laini, tupa inauma mara moja na unaona unga wa chuma unaong'aa kwenye kidole. Ikiwa ngumu, tupa inateleza na kulia, inaondoa rangi tu. Muuzaji akikuzuia kujaribu, shika njia. Neno HARDENED lililochongwa kwenye kufuli au kwenye karatasi ya mnyororo lisikutoshe, kuchonga herufi ni kazi rahisi kuliko kukausha chuma.

Minyororo iliyotengenezwa mahususi kwa pikipiki ndiyo bora, pingili zake huwa na pembe nne ili mkasi usipate mahali pazuri pa kuuma. Ukipata ndugu anayetoka nje akakuulizia zawadi, mwambie aangalie alama ya Sold Secure ya Uingereza, yenye ngazi za Bronze, Silver, Gold na Diamond, au nyota za ART za Uholanzi. Hizo zinatolewa baada ya watu kukaa na zana wakijaribu kukata. Kama hakuna ndugu, nenda kwenye maduka ya vifaa vya kunyanyulia mizigo na vipuri vya malori, uliza mnyororo wa kunyanyulia wa gredi 80. Pingili zake hugongwa namba 8 au 80. Huu tupa itaung'ata kidogo, kwa shida, maana hutengenezwa kuwa mgumu na mvumilivu kwa pamoja. Hata hivyo ni mbali sana na ule wa kung'aa.

Unene: milimita 16 ndio ninaoutamani kwako, kwa sababu mtu na mkasi wake wa mkono anaishia kutoka jasho. Mfuko ukigoma, chukua 13 iliyo ngumu kweli, usishuke hapo. Mita moja na nusu ya milimita 13 ina kilo tano na nusu hivi, ya 16 inavuka kilo nane, kwa hiyo usifikirie kuubeba kijiweni. Unakaa kwenye jiwe mchana kutwa ukikusubiri. Urefu usinunue kwa kukisia. Chukua kamba ya katani, egesha pikipiki kando ya jiwe, pitisha kamba pale mnyororo utakapopita, ongeza kiganja kimoja, kata, nenda nayo dukani. Mnyororo mrefu kupita kiasi unalala chini, na hilo ni baya: mwizi anaweka mpini mmoja wa mkasi chini na kuukalia wa juu kwa uzito wa mwili wote. Mnyororo ukiwa umekazwa na uko juu ya ardhi, anabaki na nguvu za mikono peke yake.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Utataka kuupitisha kwenye tairi la nyuma, na mnyororo mnene haupiti vizuri kwenye spoku. Rimu ya inchi 17 yenye spoku 36 ina pengo la chini ya sentimita 4 kati ya spoku na spoku hata kule karibu na rimu, wakati pingili ya milimita 13 ina upana wa sentimita 4 na nusu au zaidi. Ukilazimisha, kila usiku unapindisha spoku na asubuhi unalaumu barabara. Hiyo Boxer izungushie mnyororo kwenye mkono wa nyuma unaoshika tairi, mbele ya shokapu, au kwenye fremu yenyewe. Tairi la mbele achana nalo kabisa: spana moja na ekseli imetoka. Na uuvishe mnyororo kipande cha tyubu kuukuu, usikwaruze rangi. Bado ni pikipiki ya mtu mpaka miezi mitano iishe.

Kufuli. Hapa ndipo nataka uweke karibu nusu ya ile laki na nusu, na ukiona mnyororo unaila hela yote, afadhali upunguze urefu wa mnyororo. Kufuli la shaba la kung'aa ambalo kila duka linalo ni zuri kwa sanduku la nguo. Shaba ni laini, drili inaingia bila ubishi. Tafuta lenye mwili wa chuma kigumu, na upinde wake uwe mnene na uwe umefichwa mabegani mwa kufuli, yaani ukilifunga unaona kipande kidogo tu cha upinde, kinatosha pingili mbili na mkasi haupati pa kuingia. Upinde ushikwe pande zote mbili ndani. Ule unaoshikwa upande mmoja ukikatwa mara moja tu unazunguka na kuachia. Nenda kaunta na mnyororo wako ujaribu hapo hapo, kwa sababu pingili za mnyororo wa kunyanyulia zina tundu dogo na kufuli nene linaweza kukataa kuingia.

Jaribu mambo mengine mawili ukiwa pale. Lifunge kufuli bila ufunguo. Linalojifunga lenyewe kwa kubonyeza, yale ya bei nafuu, mara nyingi hufunguliwa kwa kipande cha bati la kopo kikiingizwa pembeni ya upinde. Afadhali linalodai ufunguo wakati wa kufunga na halikuachii ufunguo mpaka limefungwa. Kisha chukua funguo za kufuli nyingine mbili tatu za aina hiyo hiyo uziingize kwenye lako. Utashangaa. Ukishalinunua, tundu la ufunguo litazame chini, na usilitie oili chafu ya injini, inakamata vumbi na kugeuka tope. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

La diski la kelele: inama uangalie tairi lako la mbele. Boxer nyingi za boda zina breki ya drami, hakuna diski ya kulifungia. Usinunue picha ya mtandaoni. Loku ya usukani, ambayo umeilipia tayari, ifunge kila unaposhuka, hata kama unanunua vocha tu. Na nunua turubai la bei rahisi la kuifunika. Macho yasiyoona Boxer hayaitamani, na mvua ya masika haitaiharibia siti.

Mwenye grainda ya betri anakata hata milimita 16, nisikudanganye. Lakini grainda inapiga ukelele na kutoa cheche, na kwenye mnyororo mnene na kufuli lake kazi inachukua muda. Kelele inasaidia ikiwa kuna mtu wa kuamka. Usukumani sungusungu ilianza miaka ya 1980 kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, watu walikubaliana mmoja akipiga yowe wote wanatoka. Kaeni wapangaji wenzako mkubaliane hivyo hivyo kuhusu uani kwenu, na geti lipate kufuli ambalo kila mpangaji ana ufunguo wake. Komeo peke yake ni karibu-ndani.

Sasa la mkeo. Yuko sahihi, na hili ulipe uzito kuliko mwizi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa sakafuni, na sakafuni ndipo lilipo jiko la mkaa, ndipo pengine mnapomlaza mtoto. Kabureta ikivuja tone tone usiku, chumba kidogo kilichofungwa kinajaa bila ninyi kujua. Halafu umeniandikia mwenyewe kwamba ikiingia mlango haufunguki wote. Moto ukianzia kwenye pikipiki, mnapita wapi? Mpaka U ikomae kwenye jiwe, kama huna budi kuiingiza, iache kwanza nje ipoe, ekzosi ya moto inaunguza mtoto anayetambaa. Funga koki ya mafuta. Isikae mbele ya mlango. Jiko la mkaa lisiingie humo hata kwa dakika tano, wala la gesi lisiwashwe, na mkaa ndani ya chumba cha kulala una sumu yake hata bila petroli. Injini usiiwashe ndani kamwe, isukume mpaka nje. Afadhali zaidi, uliza kama kijiweni au jirani kuna mahali pa kulipia ilale kwa hizo wiki chache.

Karatasi nazo. Kadi iko kwa bosi, lakini piga picha yake, na namba ya chesisi na ya injini uziandike mahali pengine nje ya simu. Likitokea la kutokea, unakwenda polisi saa hiyo hiyo kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako, ukiwa na hizo namba. Kusema "ni Boxer nyekundu" hakumsaidii mtu. Muulize bosi bima yake ni ipi. Bima ndogo inamlipa mtu mtakayemgonga, pikipiki ikiibiwa haitoi hata senti. Bima kubwa ndiyo inayogusa wizi, na kampuni itauliza ilikuwa imefungwaje.

Mwisho ni ule mstari unaokunyima usingizi. Rudini kwa mwenyekiti mliyeandikishana kwake, muongeze maneno: pikipiki italala imefungwa kwenye jiwe kwa mnyororo na kufuli ambavyo bosi ameviona kwa macho yake, na ikiibiwa katika hali hiyo hasara mnagawana. Bosi mwenye akili atakubali, kwa sababu hata wewe ukilipa yote, utalipa kwa miaka. Tena mwombe achangie kufuli, mali bado ni yake. Pata bei kutoka maduka mawili, ziandike kwenye karatasi, umwonyeshe siku unayopeleka hesabu akiwa ameshaihesabu.